Kushi ya Biblia na Jirani Zetu: Tahadhari kwa Wahubiri

Katika sharika za Singida tumesikia zaidi ya mara moja mahubiri juu ya towashi wa Matendo 8 yakimalizika kwa dai hili: jirani zetu Wairaqw wa Mbulu, kwa kuwa lugha yao huitwa ya Kikushi, wamo katika Biblia; bali Wanyaturu na Wanyiramba, walio Wabantu, hawamo. Nia ya awali ni njema, yaani kumwonyesha Mwafrika mahali pake katika historia ya wokovu. Hata hivyo msingi wa dai ni dhaifu, na matunda yake ni machungu.

Kushi ya Biblia ni nchi ya bonde la Nile, kusini mwa Misri, ambayo sehemu yake kubwa leo imo Sudan. Miji yake mikuu ilikuwa Kerma, Napata, kisha Meroe. Katika karne ya 8 na ya 7 K.K. wafalme wake waliitawala hata Misri. Mmojawapo, Tirhaka, anatajwa katika 2 Wafalme 19:9. Ebedmeleki, aliyemtoa Yeremia shimoni, alikuwa Mkushi. Kandake nalo si jina la mtu, bali ni cheo cha kifalme cha Meroe. Katika Matendo 8, Biblia ya Union ya 1952 imelihifadhi jina Kushi. Habari Njema ya miaka ya 1990 husema Mwethiopia, ikifuata neno la Kiyunani. Msomaji asiyeelezwa huifikiria Addis Ababa. Kwa hiyo hapa twaipendelea tafsiri ya zamani.

Ama jina la lugha za Kikushi, lilitolewa na wanaisimu wa Ulaya katika karne ya 19, wakiliazima kutoka Biblia. Wairaqw hawakujiita hivyo. Kufanana kwa jina si ushahidi wa ukoo.

Tena, kuwapanga majirani kwa wana wa Nuhu ni kuifufua nadharia ya Wahamu, ambayo sumu yake ilionekana Rwanda mwaka 1994. Hata laana ya Mwanzo 9 ilimhusu Kanaani, wala si Kushi.

Towashi hakuulizwa ukoo wake. Alisoma, akafafanuliwa, akaamini, akashuka majini. Mhubiri na aishie hapo, maana Mnyaturu na Mwiraqw waingia kwa mlango huohuo.