Nakala ya Pili, Nje ya Mlango

Katika Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini (SOLAS) wa mwaka 1974, sura inayohusu moto ina kanuni ambayo sichoki kuirudia kwa sababu ya umbo lake. Inaagiza mchoro wa udhibiti wa moto ubandikwe ndani ya meli kwa ajili ya maofisa wake, ukionyesha sitaha kwa sitaha kuta za kuzuia moto, ving'amuzi, vizimamoto, njia za kupitia na mitambo ya hewa. Mwandishi mvivu angetia nukta hapo. Huyu anadai nakala ya pili, ikae daima nje ya vyumba vya sitahani, katika kasha lenye alama bayana lisiloingiza maji, ili waisome zimamoto wa nchi kavu.

Nakala ya kwanza ni ya mwenyeji, anayezijua ngazi hata gizani. Ya pili ni ya mgeni aliyeitwa bandarini usiku, moshi umetanda na hana wa kumuuliza. Maudhui hayakuongezwa hata herufi. Kilichohama ni mahali, na mahali pamezaa msomaji mwingine. Meli nyingi hulitengeneza kasha hilo kama bomba fupi jekundu lenye kifuniko, kitu ambacho abiria hukipita akidhani fundi amekisahau.

Naisoma kanuni hii Dodoma, zaidi ya kilomita 300 kutoka pwani, na sioni ajabu. Ni hapa Bunge, kwa Ibara ya 63 ya Katiba, hujadili na kuridhia mikataba. Nasi wa bara ni wasomaji wa kasha la nje.

Lakini ufundi wa ndani zaidi umo katika vifungu vya lugha. SOLAS inaiachia serikali ya bendera ichague lugha ya mchoro, mradi kama si Kiingereza wala Kifaransa, tafsiri ya mojawapo iambatane. MARPOL, mkataba wa kuzuia uchafuzi, unakwenda mbali zaidi kuhusu daftari la kumbukumbu za mafuta, ambalo kila ukurasa ukijaa hutiwa saini na nahodha: Kiingereza, Kifaransa au Kihispania ni lazima, ila lugha rasmi ya taifa la bendera ikitumika pia, panapotokea mgongano hiyo ndiyo inayoshinda. Basi wakibishania maji ya mafuta yaliyotolewa tangi gani, saa ngapi, katika meli yenye bendera ya Tanzania, sentensi ya Kiswahili ya fundi mkuu itakishinda Kiingereza alichokiandika mwenyewe kwenye mstari wa chini yake.