Fani Ndogo ya Biashara ya Kimataifa: Hesabu Itanguliayo Safari

Mtu aingiaye soko la Wandegeya kutoka upande wa Barabara ya Bombo hukutana na biashara ya kimataifa kabla hajaisikia ikitajwa darasani, kwa kuwa ngano ya chapati zinazoviringishiwa mayai, simu za mkononi, na hata karatasi ambazo wanafunzi wa Makerere huchapishia tasnifu zao, kwa sehemu kubwa vimepita ama Mombasa ama Dar es Salaam, vikakaguliwa forodhani, vikalipiwa ushuru, na kusafirishwa kwa barabara masafa yanayozidi kilomita elfu moja. Ilhali mwanafunzi anayeishi pale mtaani, akisomea uchumi, kilimo au sheria, aweza kuhitimu bila ya kuwahi kuiona hati moja ya forodha. Mintarafu ya upungufu huo ndipo linapokuja wazo la fani ndogo ya biashara ya kimataifa, yaani mafungu machache ya masomo yanayoambatana na shahada ya fani nyingine, pamoja na muhula mmoja wa kusoma ng'ambo ya mpaka.

Wazo lenyewe si geni katika mlima wa Makerere. Wanafunzi wa sayansi za jamii wamezoea tangu zamani kuchagua somo kuu na somo dogo, na utaratibu huo umekwisha kujulikana na watahini na waajiri. Biashara ya kimataifa nayo inafundishwa Kampala kama shahada kamili, katika shule ya biashara iliyoko Nakawa, iliyozaliwa mwaka 1997 kwa kuunganishwa kitivo cha biashara cha Makerere na chuo cha taifa cha masomo ya biashara. Kwa hiyo walimu wapo, na vitabu vipo. Linalotakiwa ni kuazima masomo manne au matano yaliyokwisha kuidhinishwa na kuyapanga kwa mfuatano, maana kila somo jipya linalobuniwa huongeza kamati, idhini na miaka ya kungoja.

Ama kuhusu safari, Afrika Mashariki imewahi kuifanya kazi hii kwa namna ambayo, kwa maoni yangu, haijapata kufikiwa tena. Mwezi wa Juni mwaka 1963 kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kikiviunganisha vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, mkuu wake akiwa Mwalimu Julius Nyerere, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amesoma Makerere kuanzia mwaka 1943 hata 1945, na makamu wa mkuu akiwa Bernard de Bunsen, aliyekuwa ameiongoza Makerere kabla ya hapo. Vitivo viligawanywa: udaktari na kilimo vilikaa Makerere; uhandisi, tiba ya mifugo na masomo ya biashara vilikaa Nairobi; na sheria ilikaa Dar es Salaam, ambako ilikuwa imeanza mwaka 1961 kwa wanafunzi 14 tu. Hivyo Mganda aliyetaka kuwa mhandisi alipanda garimoshi kwenda Nairobi, Mkenya aliyetaka kuwa wakili aliteremkia Dar es Salaam, na Mtanzania aliyetaka kuwa tabibu alikuja Kampala, na hakuna hata mmoja wao aliyehesabiwa kuwa mgeni anayebadilishwa na mgeni mwingine.

Siri ya mpango ule haikuwa wingi wa fedha. Chuo kilikuwa kimoja, kikitoa shahada moja, na maksi alizopewa kijana katika mji mmoja hazikuhitaji kutafsiriwa katika mji wa pili. Tena mpaka mwaka 1966, nchi hizi zilipoanza kutoa sarafu zao zenyewe, hata karo na posho zilihesabiwa kwa shilingi moja. Lakini kila taifa lilitaka, na kwa haki, kuwa na matabibu, mawakili na wahandisi waliofunzwa nyumbani, vitivo vikaanza kurudufiwa, na kufika Julai mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa kimevunjwa na kuwa vyuo vikuu vitatu. Kilichopotea siku ile ni kule kukubaliana mapema juu ya thamani ya kazi ya mwanafunzi.

Tutazame ugumu wake leo. Makerere huhesabu krediti moja kuwa saa 15 za kukaa na mwalimu, ilhali Tanzania huhesabu krediti moja kuwa saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, darasani na faraghani; kwa hiyo somo la krediti 3 la Kampala, lenye saa 45 za mihadhara, laweza kuwa sawa kabisa na somo la krediti 12 la Dar es Salaam, na karani anayelinganisha tarakimu bila ya kuuliza saa atamdhulumu mmoja kati ya wanafunzi wawili. Maksi nazo zina mtego wake. Makerere, alama ya A huanzia 80 na kufaulu huanzia 50. Dar es Salaam na Nairobi, A huanzia 70 na kufaulu huanzia 40. Binti aliyepata 72 Dar es Salaam amepata daraja la juu kabisa, lakini tarakimu hiyo ikinakiliwa ilivyo katika daftari la Makerere itamshusha hadi B. Na aliyepata 45 amefaulu upande mmoja wa ziwa na kuanguka upande wa pili. Jedwali la ulinganisho lazima liandikwe, litiwe saini na seneti zote mbili, na mwanafunzi akabidhiwe nakala kabla hajakata tikiti ya basi.

Halafu iko kalenda, jambo linaloonekana dogo na ambalo huvunja mipango mizuri. Makerere hufungua mwaka wa masomo Agosti, na Dar es Salaam hufungua Oktoba au Novemba. Mwanafunzi wa Kampala akienda muhula wa kwanza wa Dar es Salaam, mitihani yake itaingia ndani ya muhula wa pili wa nyumbani, naye atapoteza nusu mwaka. Lakini akienda muhula wa pili, ulio takriban kati ya Machi na Julai, atarejea Agosti pamoja na wenziwe. Kwa sababu hii pekee ningeuweka muhula wa safari katika nusu ya pili ya mwaka wa pili, na masomo ya msingi ya fani hiyo ningeyatanguliza yote.

Na huko aendako asome nini? Hapa ndipo penye utajiri. Tangu Januari 2005 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina umoja wa forodha wenye ushuru wa pamoja kwa bidhaa za nje, na tangu 2014 mizigo ya Uganda hutozwa kodi pale inapoingilia, bandarini, badala ya kungoja mpakani. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya biashara ya nje ya Uganda hukamilishwa Mombasa na Dar es Salaam, mikononi mwa mawakala wa forodha, na kijana aliyesoma miezi minne karibu na gati, akafuata kontena moja tangu kuteremshwa melini hadi kuvuka Malaba au Mutukula, atakuwa ameielewa sheria ya ushuru kuliko aliyeikariri. Fauka ya hayo, somo moja kati ya yale manne au matano ya fani hiyo liwe Kiswahili cha biashara. Baraza la Mawaziri la Uganda liliazimia mwezi Julai 2022 Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini kizazi kilichoko chuoni leo kilianza shule kabla ya azimio hilo, na mkataba hujadiliwa bandarini kwa lugha ya bandari.

Gharama zipo, nazo hazitishi: nauli ya basi, chumba, na bima. Watu wa Ulaya walipoanzisha mpango wao wa Erasmus mwaka 1987 walihitaji mfumo mzima wa kubadilishana krediti. Sisi tunalo tayari Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake papa hapa Kampala, na wakuu wa nchi wametangaza tangu Mei 2017 kuwa Jumuiya ni eneo moja la elimu ya juu. Tamko limekwisha kutolewa. Ombi langu kwa seneti ya Makerere na ya Dar es Salaam ni kwamba wakutanishe wasajili wawili na walimu wanne, wawape muda wa muhula mmoja, na wasiwaruhusu kuzungumza habari ya safari mpaka jedwali la saa, maksi na tarehe liwe limetiwa saini.