Hori Lililojaa Mwezi wa Julai

Julai ikiingia, ukungu hulalia mashamba ya kahawa ya Ruiru na watu hujifunika makoti hadi masikioni. Ng'ombe wa maziwa haogopi sana baridi hiyo, kwa kuwa tumbo lake likisaga majani humpa joto la kutosha. Kazi ngumu ni kumnywesha.

Thika na Ruiru hazina sakitu kama ile inayochoma viazi Kinangop. Mfugaji wa Kanada akikuta barafu horini, anajua mara moja kwamba mifugo haijanywa. Huku dalili hiyo haipo. Hori limejaa, ng'ombe amesimama kando, na asiye na uzoefu hudhani ametosheka.

Mwenye ufundi hupiga hesabu. Maziwa ni maji kwa takriban asilimia 87, na kila lita inayokamuliwa hudai lita 3 hadi 5 za kunywa. Ng'ombe anayetoa lita 20 kwa siku humaliza mitungi mitatu hadi mitano ya lita 20. Kisha mfugaji hutazama lishe: nepia mbichi huja na maji yake, karibu asilimia 80, ilhali hei ina chini ya asilimia 20. Masika yakishapita na nepia ikipungua, hei ndiyo hulishwa. Kwa hiyo kiu huongezeka msimu uleule ambao maji yaliyolala nje usiku kucha hayamvutii ng'ombe.

Ndipo mbinu zinapoanza. Sufuria ya maji moto humiminwa horini hadi yote yawe vuguvugu. Hori husuguliwa kwa brashi, maana ng'ombe hunusa utelezi kabla ya kuonja. Chumvi ya kulamba huwekwa karibu. Na mtungi hufika mara tu ng'ombe akishakamuliwa, saa ambayo hunywa kwa pupa.

Ng'ombe aliyefungiwa kwenye ploti katikati ya maghorofa hawezi kujipeleka Mto Chania; hutegemea mfereji. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 kwenye Mto Thika, hupeleka maji Nairobi, na mgao wa maji mitaani una ratiba yake. Mfereji ukikauka, mtungi wa kwanza huenda kwa anayekamuliwa, wa pili kwa mwenye mimba kubwa, na ndama hupata maji yake ya vuguvugu. Nguo za watoto hungoja hadi Jumamosi.