Pongezi kwa Sauti za Chaneli 16

Saa nane za usiku, katika chumba cha redio cha bandari kama Kilindini, Kiingereza huingia kwa lafudhi za dunia nzima. Mskochi huivingirisha "r", Mfilipino huenda akaitamka "f" kama "p". Anayesikiliza haoni uso wala mikono ya msemaji. Ana mkwaruzo wa spika tu. Na bado meli hupishana salama. Waendesha redio wa baharini wanastahili pongezi zetu za dhati.

Kwanza husikiliza, ndipo hubonyeza kitufe. Chaneli 16, yaani megahezi 156.8, ni ya kuitana na ya dharura; wakishapatana huhamia nyingine, wasimzibie njia anayezama. Tarakimu husomwa moja moja: 150 ni moja, tano, sifuri, maana "fifteen" na "fifty" sikioni ni pacha. Tatu hutamkwa "tree", tano "fife", tisa "niner", hata na Mwingereza mwenyewe. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote: mwenye lugha naye huulegeza ulimi wake ili mgeni aelewe.

Mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilipitisha misemo sanifu ya mawasiliano. Humo "may" huepukwa, kwa kuwa msikilizaji hajui kama amepewa ruhusa au ameambiwa jambo linawezekana.

Nawe mwenye boti, ukimaliza kusema, achia kitufe. Huenda kuna mwenzako anaomba msaada.