Hilary Ng'weno na Uandishi wa Sauti ya Chini

Katika nchi zetu mwandishi wa habari za siasa hukumbukwa kwa ugomvi wake na wakubwa kuliko kwa sentensi zake. Akifungwa, twamtukuza, asipofungwa, twamshuku. Kipimo hiki hakitutoshi tunapomtazama Hilary Ng'weno, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki Julai 2021, kwa maana nguvu yake ilikuwa katika namna ya kusema.

Alisomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kisha akarudi Kenya akashika kalamu. Katikati ya miaka ya 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation, kazi aliyoiacha upesi. Mwaka 1973 alianzisha jarida la Joe pamoja na mchoraji Terry Hirst, ambamo mtu wa kawaida wa Nairobi alizicheka shida zake mwenyewe. Hayo tuyapite. Ng'weno tunayemtafuta yumo katika The Weekly Review, jarida la siasa alilolianzisha Februari 1975.

Mwezi uliofuata Mbunge J. M. Kariuki alitoweka. Gazeti moja kubwa la kila siku lilichapisha kwamba yuko Zambia, kumbe maiti yake ilikuwa imekwisha kuokotwa Ngong. Nchi ilijaa uvumi. Katika hali hiyo jarida changa lililoeleza mambo kwa utaratibu, lipi lilitangulia, lipi likafuata, nani alisema nini na siku gani, lilikuwa na ujasiri ambao huenda msomaji wa leo asiutambue. Halikuhitaji kupiga kelele. Uongo ukiwekwa kando ya tarehe yake hujisuta wenyewe, na Ng'weno alilijua hilo mapema.

Lakini sauti ile ile ya chini ilikuwa na upungufu wake, nao ulijitokeza baadaye. Mabishano ya kudai vyama vingi yalipopamba moto mwaka 1990, Gitobu Imanyara, mhariri wa The Nairobi Law Monthly, aliwekwa kizuizini. The Weekly Review iliendelea kupima, huku hoja hii, kule hoja ile, na wasomaji wengi wakalalamika kwamba mizani imeinamia upande wa serikali. Sisi twaona malalamiko hayo yalikuwa na haki, ingawa si yote. Kupima sawasawa ni uadilifu pale pande mbili zinapoweza kusema. Pale upande mmoja umefungiwa, utulivu wa mwandishi humfaa mwenye ufunguo. Tena tusisahau kwamba jarida huishi kwa matangazo ya biashara. Nairobi Times, gazeti alilolianzisha mwaka 1977, lilimshinda kwa gharama, na mwaka 1983 likanunuliwa na chama tawala cha KANU, likageuzwa kuwa Kenya Times. Mtu aliyepata hasara ya namna hiyo hujifunza tahadhari.

Liko jambo jingine ambalo wahakiki wamelitaja kwa nadra, nalo linatuhusu zaidi sisi wa Kiswahili. Mwaka 1974 Rais Kenyatta aliamuru Bunge lijadiliane kwa Kiswahili, na amri hiyo ilidumu mpaka 1979 Kiingereza kiliporejeshwa kando yake. Basi Wabunge walipouliza kwa uchungu habari za J. M., waliuliza kwa Kiswahili. Ng'weno akawaandika kwa Kiingereza. Uchambuzi bora wa siasa za Kenya katika miaka hiyo haukuwafikia wengi wa waliochambuliwa. Kosa si la mtu mmoja, kwa kuwa shule, benki na mahakama zote zilielekea huko huko. Hata hivyo ladha ya jarida ilitokana na uteuzi huo: hasira ya Bungeni ikishatafsiriwa hupoa, na pengine upole tunaousifu ulianzia hapo.

Jarida lilifungwa mwaka 1999. Ng'weno aligeukia filamu za historia ya Kenya zilizoonyeshwa katika televisheni, akisimulia kwa utulivu ule ule. Mwalimu akipata matoleo ya 1975 katika maktaba, ayalinganishe na Taarifa Rasmi za Bunge za mwaka huo. Awape wanafunzi hotuba moja ya Kiswahili na habari yake ya Kiingereza, wahesabu ni maneno gani makali yaliyopotea njiani.