Msomaji Aliyepata Sauti: Makundi ya Mtandaoni na Hatima ya Kitabu

Uhakiki wetu wa fasihi umezoea kuuliza maswali mawili: mwandishi amesema nini, na amesemaje. Swali la tatu, yaani ni nani aliyemsoma na akamjibu vipi, aghalabu huachiwa wauza vitabu. Katika miaka ya karibuni swali hilo limekataa kubaki nje. Makundi ya wasomaji wanaokutana kwa njia ya intaneti yana nguvu ya kukifufua kitabu kilicholala, ya kukizika kitabu ambacho hakijatoka matbaani, na hata ya kumwelekeza mchapishaji aina ya miswada atakayoitafuta. Makala haya yanakusudia kuipima nguvu hiyo. Rai yetu ni kwamba kundi la wasomaji halipaswi kupimwa kwa wingi wa watu wake wala kwa idadi ya nakala linazouza, bali kwa kadiri linavyomlazimisha mtu kurudi kwenye matini kabla ya kutamka neno.

Tuanze na mfano ulio mashuhuri. Miongoni mwa watumiaji wa TikTok pana mkusanyiko ujulikanao kwa jina la BookTok, ambamo wasomaji, wengi wao vijana, hujipiga video fupi wakieleza jinsi kitabu fulani kilivyowagusa. Riwaya ya Madeline Miller, The Song of Achilles, ilitoka mwaka 2011 na ikapata tuzo ya Orange nchini Uingereza mwaka 2012. Mwanzoni mwa mwaka 2021 riwaya hiyo hiyo ilikuwa ikiuzwa nchini Marekani karibu nakala 10,000 kwa wiki, kiasi cha mara tisa ya ilivyouzwa ilipopata tuzo. It Ends with Us ya Colleen Hoover, iliyotoka mwaka 2016, nayo ilipanda kileleni mwa orodha za mauzo miaka mitano baadaye. Hapakuwa na jopo la wataalamu lililoamua hayo. Maduka yakatenga meza maalumu za vitabu vilivyosifiwa na vijana hao, na wachapishaji wakaanza kuwapelekea nakala mapema ili wavitaje.

Sisi wahakiki wa vyuoni tuna mazoea ya kuidharau furaha ya namna hii, kisha tukageuka kulalamika kwamba watu hawasomi. Kijana anayemwambia mwenzake kwamba hakulala hadi alipomaliza riwaya amefanya kazi ambayo mihadhara yetu mingi haijaiweza. Lakini tuitazame video yenyewe. Inatuonyesha chozi la msomaji. Haituonyeshi sentensi iliyolileta. Mtambo unaozipanga video hizo husambaza zaidi ile ambayo watu huitazama hadi mwisho, wala hauna njia ya kujua kama aliyeitazama ameelewa au amesisimkwa tu. Kwa hiyo kitabu huanza kunadiwa kwa aina ya kisa chake: maadui waliokuja kupendana, wapenzi waliolazimika kulala chumba kimoja. Na mhariri ambaye anajua kwamba maelezo kama hayo ndiyo yanayouza, hapana budi ataanza kuyatafuta katika miswada inayomfikia.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Goodreads, iliyoanza mwaka 2007 na kununuliwa na Amazon mwaka 2013, humwezesha mtu kukipa kitabu nyota moja hadi tano. Mwezi Juni mwaka 2023 mwandishi wa Marekani, Elizabeth Gilbert, alitangaza kwamba riwaya yake, The Snow Forest, ingetoka mwaka uliofuata. Mandhari yake yalikuwa Siberia katika karne ya ishirini. Kwa kuwa Urusi ilikuwa ikiendesha vita dhidi ya Ukraine, wengi, hasa Waukraine, waliona uchungu, na mamia ya nyota mojamoja yakamiminwa juu ya kitabu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekisoma. Kabla ya wiki mbili kwisha, mwandishi alitangaza kukiondoa katika ratiba. Uchungu wa watu waliovamiwa si jambo la kubezwa, na mwandishi ana haki ya kuusikiliza. Hoja yetu ni nyingine: chombo kilichobuniwa kuwa cha wasomaji kilifanya kazi yake yote bila ya kusoma.

Hapa ndipo tunapopaswa kuikumbuka desturi yetu wenyewe. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1923, lilitoa nafasi kwa mashairi ya wasomaji, na magazeti mengine ya Kiswahili yakafuata, yale ya Kenya yakiwamo. Huko msomaji hakuwa mtazamaji. Malenga wa Tanga akitoa swali kwa shairi, wa Mombasa au wa Ujiji humjibu, na kwa desturi ya malumbano humjibu kwa bahari ile ile, na mara nyingi kwa vina vile vile alivyovitumia mwenzake. Sharti hili laonekana kuwa la umbo tu, kumbe lina hekima kubwa ya uhakiki ndani yake. Mtu hawezi kumpinga mwenziwe kwa vina vyake bila ya kwanza kuvihesabu, kuusikiliza mzani wake, na kujua kituo kimebeba nini. Kanuni ya utungo ilimfanya mpinzani kuwa msomaji makini, apende asipende. Nyota moja haimdai anayeitoa chochote.

Hatusemi kwamba uwanja ule ulikuwa wa haki. Mhariri alikaa mlangoni, nafasi ilikuwa finyu, na sauti za wanawake zilisikika kwa uchache. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974, walikuwapo walioshikilia kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi, na hapo kanuni ile ile niliyoisifu iligeuka kuwa kufuli. Hata hivyo, walioubisha ushairi huru walilazimika kueleza shairi ni nini. Mabishano yale yalituachia nadharia.

Katika intaneti kitu kinachokaribia zaidi desturi hiyo ni hadithi za mfululizo. Katika Wattpad, iliyoanzia Toronto mwaka 2006, msomaji anaweza kuandika maoni yake kando ya aya yenyewe, na mwandishi akayaona kabla hajaandika sura inayofuata. After ya Anna Todd ilianzia huko mwaka 2013, na mwaka uliofuata ikawa kitabu cha mchapishaji mkubwa. Nasi hatuko mbali. Nchini Tanzania, ambako wengi walizisoma riwaya za Eric Shigongo kwanza magazetini, sehemu kwa sehemu, siku hizi wapo waandishi wanaotoa hadithi zao katika Facebook na WhatsApp. Hukata kisa pale mlango unapogongwa, kisha humtaka msomaji atume pesa kwa simu ili apate sehemu ya pili. Wasomaji huwasihi wasimuue mhusika fulani. Wengine humkumbusha mtunzi kwamba katika sehemu ya nne alisema gari lilikuwa jeupe. Huko ni kusoma. Kasoro yake ni kwamba kila sehemu sharti iishe kwa mshtuko, kwa hiyo taswira na mandhari hudhoofu, na hakuna mhariri wa kumwambia mtunzi apumzike. Zaidi ya hayo, kazi hizo hazifiki maktaba wala hazifiki kwetu. Huenda mhakiki wa kesho akaandika historia ya riwaya ya Kiswahili ya miaka hii bila ya kuziona zilizosomwa zaidi.

Kwa upande wa Kenya hali ina ukakasi wake. Soko la kitabu cha Kiswahili hapa hutegemea shule, na kitabu kikiteuliwa kuwa cha kutahiniwa, mwandishi na mchapishaji hupata riziki, kisipoteuliwa, husubiri. Makundi ya mtandaoni yangeweza kuuvunja utegemezi huu kwa kumwonyesha mchapishaji kwamba yupo msomaji asiyevaa sare. Lakini mengi ya makundi yanayozungumza juu ya fasihi yetu ni kivuli cha darasa. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora na Chozi la Heri ya Assumpta Matei, riwaya zinazostahili ubishi mkali, huzungumzwa humo kwa lugha ya miongozo: orodha ya maudhui, sifa za wahusika, "eleza muktadha wa dondoo hili." Mara nyingi hata nakala yenyewe ni ya wizi, imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kupitishwa simu hadi simu, na mwandishi asipate hata senti. Ukitaka kujua kundi la namna hii lilikuwa na wasomaji wangapi, lingoje hadi karatasi ya tatu ya Kiswahili ifanywe. Jioni ya siku hiyo ujumbe hukoma, na jina moja baada ya jingine hujiondoa.