Trei ya Magamba, sanduku la Zirai

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba kule Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alibandika jikoni maziwa aliyoyanunua kwa kina mama wa jirani. Wavulana wa shule walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayapeleka kwenye friji. Shida ilikuwa nafasi. Trei chache, wavulana wengi. Siku hiyo mwenzake alipomwona ameanza kuchemsha, aliogopa kukosa trei, akakoroga sukari kwenye maziwa mabichi na kuyamimina bila kuyapitisha motoni. Mpemba naye akapiga hesabu yake: akisubiri yapoe, trei iliyobaki itakuwa na mwenyewe. Akayaingiza ya moto vilevile, huku akijua huenda friji ikaharibika. Waliporudi baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado mazito kama uji.

Kisa hiki husimuliwa sana, na kwa kawaida msimulizi huishia hapo kwenye trei, kana kwamba kijana aliokota dhahabu njiani. Nakirudia kwa sababu nyingine. Tangu 2019 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia pamoja na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) huendesha Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, MAKISATU, na shule za msingi zimewekewa kundi lao humo, kando na sekondari, vyuo, na wabunifu wa mitaani. Young Scientists Tanzania, iliyoanza 2011, ni ya sekondari. Mtoto wa darasa la sita mlango wake ni huu wa MAKISATU. Sasa mwalimu wa shule ya msingi iliyoko Zirai, kata ya wilaya ya Muheza huko Usambara Mashariki, ng'ambo ya bonde la Lwengera ukitokea Lushoto, akitaka kuwaandaa wanafunzi wake, ajifunze nini kutoka Magamba? Mimi nasema trei ile ina machache ya kumfundisha. Yaliyofuata baada ya trei ndiyo mengi.

Tuitazame trei yenyewe kwanza, kama jaji angeitazama. Maziwa ya Mpemba yalichemshwa, ya mwenzake hayakuchemshwa. Maziwa yakichemka hupoteza maji kwa mvuke, kwa hiyo yale yalikuwa pungufu na mazito zaidi kabla hata ya kuingia kwenye friji. Sukari ilitiwa kwa kukadiria, na sukari hubadilisha nyuzijoto ambapo maji huganda. Tena trei mbili haziwezi kukaa mahali pamoja: moja huenda iligusa ukuta wa barafu, nyingine ilikuwa mbali nao. Mambo manne yalitofautiana kwa mpigo. Ukiniuliza ni lipi lililoyafanya ya moto yatangulie, siwezi kukujibu, na Mpemba siku hiyo asingeweza.

Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Wengi tungeishia hapo. Wakati wa likizo alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, akamuuliza anavyofanya. Akajibiwa kwamba wao huweka mchanganyiko ungali wa moto kwa sababu huganda upesi. Wauzaji wengine wa Tanga walimwambia hayohayo. Hii ni hatua ambayo maandalizi mengi ya wanafunzi huiruka: kwenda kwa wenye kazi yao, wanaokula kwa jasho la jambo hilo kila siku, na kuwauliza wanafanyaje na kwa nini. Mpemba sasa alikuwa na ushahidi wa mtaa mzima, watu ambao hawakuijua trei yake.

Baadaye alijiunga na shule ya Mkwawa, Iringa. Somo la joto lilipofika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, aliuliza tena. Mwalimu alimjibu kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, dunia haina fizikia ya namna hiyo, na tangu siku hiyo darasa likawa na mzaha: akikosea hesabu, wanasema hiyo ni hisabati ya Mpemba. Basi mchana mmoja alikuta maabara ya baiolojia iko wazi na haina mtu. Akachukua bika mbili za mililita 50, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friza. Baada ya saa moja akaangalia. Hazikuwa zimeganda zote, ila ile iliyoanza ikiwa ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi.

Hapa ndipo naomba mwalimu wa Zirai atulie kidogo. Kati ya trei ya Magamba na bika za Mkwawa, kijana ameondoa maziwa, ameondoa sukari, amechukua vyombo vya ukubwa mmoja, na maji ya ujazo mmoja. Kilichobaki kutofautiana ni joto la kuanzia, na labda mahali pa chombo ndani ya friza. Hakuna aliyemnunulia kifaa. Alichokifanya ni kupunguza, na kupunguza huko ni kazi ya akili ngumu kuliko kuunganisha nyaya na taa kwenye ubao uliopakwa rangi.

Kisha Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam alikuja shuleni kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama na kumuuliza: bika mbili za maji ya ujazo sawa, moja ya nyuzi 35, nyingine ya nyuzi 100, ukiziweka kwenye friji ile ya nyuzi 100 hutangulia kuganda, kwa nini? Angalia swali lilivyopangwa. Lina idadi ya vyombo, lina ujazo ulio sawa, lina nyuzijoto mbili, lina tokeo. Mtu akilisikia anaweza kwenda kulijaribu bila kuuliza zaidi. Osborne alimuuliza kama amelifanya mwenyewe, akajibu ndiyo. Mgeni akakiri hajui sababu, akaahidi kulijaribu akirudi Dar. Wenzake walimlaumu kwamba amewaaibisha mbele ya mgeni. Yeye akaomba friji ya jikoni na kurudia jaribio.

Dar es Salaam kazi ilifanywa kwa mililita 70 za maji ndani ya bika za mililita 100. Fundi wa maabara alitoa taarifa kwamba maji ya moto yametangulia kweli, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Walirudia, na kila walipodhani wameona sababu waliijaribu. Pengine chombo cha moto huyeyusha ukungu wa barafu chini yake na kugusana vizuri zaidi na friji? Wakaweka bika juu ya kipande cha povu gumu lisilopitisha joto. Pengine ni mvuke unaopunguza maji? Waliona upungufu huo ni mdogo mno kueleza tofauti yote. Pengine ni hewa iliyoyeyuka majini? Wakatumia maji yaliyokwisha kuchemshwa. Wakamwaga utando wa mafuta juu ya maji, kupoa kukachelewa sana, wakajua joto jingi hutokea juu. Makala ya Mpemba na Osborne ilichapishwa 1969 katika jarida la Physics Education, majina mawili pamoja, mwanafunzi na mhadhiri.

Mjadala haujafungwa hadi leo. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilishindanisha maelezo ya jambo hili na kupokea majibu kama 22,000. Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha utafiti uliotilia shaka tukio lenyewe, wakaonyesha kuwa kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu juu au chini kunaweza kukuletea tokeo ambalo halipo. Sentimita moja. Nitairudia hesabu hii mbele.

Haya, twende Zirai.

Milima hii ya Usambara Mashariki ina iliki, inayolimwa chini ya kivuli cha miti mikubwa. Iliki mbichi ni maji matupu, na kuikausha ni kibarua katika nchi ya ukungu na mvua. Wapo wanaoianika mkekani na kukimbizana na mawingu, wapo wanaoikausha kwa moto wa kuni. Ikipigwa jua moja kwa moja hupauka, na mnunuzi hutaka ya kijani. Basi tuseme wanafunzi wa darasa la sita wameamua kutengeneza sanduku la kukaushia kwa jua. Wazo si geni duniani, na hilo lisiwatie hofu. Swali lao ni kama sanduku hilo linafaa kwa iliki ya Zirai, kwa hewa ya Zirai.

Sanduku ni la mbao, ndani limepakwa rangi nyeusi, juu limefunikwa nailoni angavu, na katikati kuna wavu wa kuwekea iliki, wenye kitambaa cheusi juu yake ili jua lisiiguse. Mbele, chini, kuna matundu ya kuingizia hewa. Nyuma, juu, kuna tundu au bomba la kuitoa. Hewa ikipata joto hupanda na kutoka na unyevu, nyingine huingia chini. Kosa ambalo karibu kila anayeanza hulifanya ni kuziba matundu ili joto lisipotee, akiamini joto ndilo linalokausha. Dalili yake utaiona mapema: matone ya maji chini ya nailoni, yameshikana kama jasho kwenye kipaji cha uso. Ukiona hayo, unyevu umetoka kwenye iliki lakini haujatoka sandukuni. Joto bila upepo hupika. Kesho yake kuna ukungu.

Sasa kupima. Iliki haitolewi bure na kilo zake ni fedha ya nyumba, kwa hiyo kazi inaanza uani kwa bibi: shikamoo bibi, tukopeshe kilo nne, tutazirudisha zikiwa kavu. Bibi ana haki ya kuuliza zitarudi na rangi gani, na swali lake hilo liandikwe kwanza kwenye daftari, kwa sababu ndilo swali la soko. Aulizwe pia yeye anajuaje kuwa imekauka. Kama anaitikisa sikioni asikie mbegu zikigonga ganda, hicho ni kipimo, kiandikwe.

Kilo nne zote zichanganywe kwanza ndipo zigawanywe mbili mbili. Ukigawa kabla ya kuchanganya, zilizokomaa zinaweza kuangukia upande mmoja na jaribio likaharibika kabla halijaanza. Kilo mbili ziende sandukuni, kilo mbili mkekani, saa ileile, uani pale pale, zitandazwe kwa unene uleule. Mkeka ndio bika ya maji ya bomba. Shule isiyoweka mkeka pembeni ya sanduku imekwenda na trei moja ya Magamba, bila hata ile ya mwenzake.

Hesabu ya darasa la sita inatosha. Tukichukulia kuwa iliki mbichi ina maji asilimia 80, kilo mbili zina gramu 400 za kitu kikavu. Ukitaka ibaki na unyevu wa asilimia 10, zile gramu 400 ziwe asilimia 90 ya uzito wote, na mizani itasoma gramu 444 hivi. Mtoto anayeijua namba hiyo anajua lini aache kukausha. Mizani ya dukani inafaa kwa kilo mbili; kwa kiganja kimoja cha iliki haifai, maana gramu 20 haitaziona. Kipimajoto cha zahanati nacho hakifai: kinaishia nyuzi 42, na ndani ya sanduku lililopigwa jua nyuzi zinaweza kupita hapo. Sekondari ya jirani iombwe kipimajoto cha maabara, na mahali pake ndani ya sanduku pawekewe alama ya kalamu, pasihame mpaka jaribio liishe. Ile sentimita moja ya Burridge na Linden iko hapahapa.

Jambo moja linanikera katika maandalizi ya watoto wetu, nalo ni mikono ya watu wazima. Fundi anachonga, mwalimu anaandika bango, mtoto anakariri maelezo kama shairi la kukaribisha mgeni rasmi. Jaji akiuliza kwa nini tundu la nyuma liko juu kuliko la mbele, ukimya. Heri sanduku lililopinda pembe moja ambalo mtoto amelitengeneza, akaliziba, akaona jasho kwenye nailoni, akalitoboa mwenyewe. Huyo hata aamshwe usiku ataeleza.

Safu za daftari ni sita: tarehe, saa, hali ya hewa, uzito wa mkekani, uzito wa sandukuni, joto. Kila baada ya saa mbili mtu apime. Kazi yote irudiwe angalau mara tatu, na hapo iliki ya bibi itahitaji majirani wawili zaidi. Mvua ikinyesha saa nane mchana wa siku ya pili, iandikwe kwenye safu ya hewa. Na jioni moja mizani ikisoma kilo moja na gramu 400 kwa sanduku, kilo moja na gramu 300 kwa mkeka, yaani sanduku limeshindwa, namba hizo zisiguswe na ufutio. Wakague sanduku kabla giza halijaingia, kisha waandike chini yake kwa kalamu ya wino walichokikuta: matundu ya mbele yalikuwa yamezibwa na majani.